Sanduku Lililokalia Kiti Changu

Mitaboni,
Agosti 2003.

Kwa Fundi Mwangangi,
Banda la Redio za Magari,
Nyuma ya Soko, Machakos.

Nakala: Mzee Kiema wa ukoo, Katekista wetu, na baba yako Festus, ambaye atasomewa kwa sauti ya juu kwa sababu masikio yake siku hizi yako likizo.

Mume wangu mdogo,

Kama uko hai, nakusalimu. Kama ulikufa, ingekuwa heshima kutuma mtu atuambie tuje tukuzike. Kutoka Machakos mjini mpaka hapa kwetu ni mwendo ambao mbuzi aliyeuzwa sokoni huurudi mwenyewe akikumbuka nyumbani. Wewe uko na miguu miwili, uko na kazi, uko na marafiki wenye magari ya kila rangi, na umeshindwa tangu Pasaka. Mahindi yamepandwa, yamepaliliwa, yamekauka, yamevunwa yale kidogo yaliyobaki, na jina lako halijasikika hapa ila mimi nikilitaja kwa hasira. Wala usinisingizie simu ya mkono. Mtandao hapa uko juu ya lile jiwe kubwa la kwa kina Wathome, na mimi kwa goti hili sipandi jiwe kwa ajili ya mtu anayejua njia.

Nakuita mume wangu kwa haki. Ulipozaliwa tulikupa jina la babu yako, na kwetu sisi Wakamba mjukuu mwenye jina la babu ni mume wa nyanya yake mpaka siku ya kumzika. Ulipokuwa mdogo kazi hiyo uliipenda sana, ukija jikoni kunidai mayai kama mwenye boma. Kwa hiyo usisome barua hii kama nyanya anayegombeza mtoto. Ni mke anamshtaki mumewe, na ndiyo maana nimeweka nambari.

Mimi sikusoma, unajua. Anayeandika ni Kamanthe, mke wa katekista. Nimemwambia asilainishe neno hata moja, na akilainisha nitamjua kwa uso.

Shauri lenyewe ni hili. Jumamosi kabla ya Pasaka, mimi nikiwa kanisani na akina mama tukifagia, ulikuja hapa, ukaegesha ile pikapu ya baba yako, Pijo, nyuma ya jiko, ukapima, ukakata, ukagongomea. Niliporudi nikakuta kiti kirefu cha mbele kimekatwa katikati kama mkate, na pale kati pamesimamishwa sanduku la mbao limevikwa zulia jekundu, lina jicho moja kubwa jeusi na mengine mawili madogo, eti ndizo spika. Wewe ulikuwa umeshaenda. Mwanamume anayeondoka kabla chai haijachemka anajua alichofanya.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Pale kati ni pangu. Baba yako alipoinunua ile pikapu alisimama mbele ya watu wote akasema, "Hapa katikati ni pa Mama." Aliona vizuri. Gia ya Pijo iko kwenye usukani, kwa hiyo katikati mtu mzima anakaa bila kuguswa na chuma. Mlangoni sikai: mlango ule unafungwa kwa kamba ya katani, na mama yako Emily ndiye anayejua kuishika kwenye kona. Mimi nikikabidhiwa ile kamba nitazaliwa mara ya pili barabarani. Na huko nyuma wanakopanda mbuzi siwezi kuinua mguu. Tangu Pasaka sijafika hospitali ya Kathiani, sijafika soko, kanisani naenda kwa miguu na kufika wakati watu wanatoka. Mtu akiniuliza kwa nini sionekani namwambia ukweli, kwamba mahali pangu pamekaliwa.

2. Ule ubao. Nilidhani ulikuja na mbao zako kama fundi yeyote mwenye akili. Kesho yake nikaenda ghalani kuchota mahindi, nikakuta ghala limefungua kinywa. Mlango wake, mlango wa mti wa mukau aliouchonga babu yako, ambao mchwa wameuzunguka miaka thelathini wakakata tamaa, ndio umeutia msumeno. Baba yako ananieleza eti ulisema mbao nyepesi hutetemeka na kuharibu sauti, lakini mukau ni mzito, unatulia. Unatulia ndiyo. Ulikuwa umetulia ghalani. Sasa kuku wanaingia na kutoka humo kama watu wa benki, na hawatagi tena kwa sababu hakuna kuku anayefanya kazi akiwa ameshiba hivyo.

3. Mto wangu. Hili nilitaka kulinyamazia kwa aibu yako. Nililala siku tatu nikidhani shingo yangu imezeeka ghafla, mpaka nilipoukamua ule mto nikaona umebaki ngozi. Emily akaniambia, akicheka ndani ya leso, kwamba sanduku la namna hiyo lazima lijazwe pamba ndani ndipo lingurume kwa uzito. Mimi nauliza mbele ya Mzee Kiema: kichwa changu na kichwa cha sanduku, kipi kilikulea?

4. Sasa tuje kwenye sheria. Kitu kinachokaa mahali pa mke, kilichojengewa nyumba kwa mlango wa mke, kinacholalia pamba ya mke, na kuvikwa nguo nyekundu ambayo mke mwenyewe hajawahi kununuliwa, mimi naita mke. Hilo sanduku ni mke mwenza. Sikatai mke mwenza. Mama yangu alikuwa nao wawili na walilima pamoja. Lakini desturi iko: mume akitaka kuoa wa pili humwambia wa kwanza kwanza, akakaa naye, akamletea mbuzi wake, naye akasema ndiyo au akanyamaza. Mimi sikuambiwa. Sikuletewa hata kwato.

5. Huyo mke wako ni mwenye kelele. Festus akifika pale kwenye daraja, mimi huku jikoni sufuria zinaanza kusogea. Kikombe changu cha udongo kilitembea juzi mpaka ukingo wa kabati, kikasimama pale kidogo kama kinachofikiri, kikaanguka. Ng'ombe anaachia maziwa kabla hajashikwa. Jirani yetu Kasyoki, ambaye miaka yote alikuwa akilalamika kifua, sasa anasema moyo wake umeacha kupiga wenyewe, unamngoja Festus apite.

6. Mazishi. Hapa naomba Kamanthe aandike polepole. Mzee Wathome alipofariki, ukoo uliomba pikapu imbebe, na sisi hatunyimi mtu safari ya mwisho. Jeneza likateremshwa, katekista akafungua kitabu, watu wakainamisha vichwa. Baba yako akaona gari liko juani akaenda kulisogeza. Alipowasha tu, mke wako akaamka. Kumbe kaseti ilikuwa imeachwa ndani. Ardhi ilitingishika mpaka udongo ukaanza kujirudisha kaburini wenyewe, na mtu akaimba kwa sauti ya radi habari za msichana aliyetoroka na dereva wa lori. Festus alihangaika kutafuta kitufe mpaka beti mbili zikaisha. Kalunde, mjane mwenyewe, alitikisa mabega mara mbili kabla hajakumbuka kwamba amefiwa. Mimi nilimwona. Alijua nimemwona. Hatujasalimiana vizuri tangu siku hiyo, na ni rafiki yangu tangu tukiwa wasichana wa kuteka maji.

7. Baba yako mwenyewe. Alikuwa mtu wa kimya, mpanda maembe. Sasa anaendesha akitikisa kichwa kama mjusi ukutani. Nikimwambia leta kuni analeta chumvi. Na ubaya ni kwamba kelele zimempandisha cheo: wamemfanya mwenyekiti wa kamati ya maji. Nilipouliza kwa nini yeye na si Mutheu, aliyechimba kile kisima kwa mikono yake, nikaambiwa, "Festus anasikika akija." Ndivyo tunavyochagua watu hapa. Kisima bado kimekauka, lakini mwenyekiti anasikika akija kukitazama. Ukiona nchi inaenda mrama, ujue kuna mahali mjukuu wa mtu alikata mlango wa ghala.

8. Na la mwisho, ambalo ndilo la kwanza. Watu wanakuja hapa kulitazama sanduku. Vijana wanatoka mpaka Wamunyu, wachongaji wa kweli hao, watu waliouzia wazungu twiga na vifaru, wanaingiza vichwa dirishani, wanapapasa pembe zake, wanasema mkono huu ni wa nani, maana hata kiungio hakionekani. Mimi nasimama pale na fimbo yangu na kuwaambia ni wa mume wangu. Wananiuliza yuko wapi tumsalimie. Mke anayesifiwa mumewe na watu wa mbali, na yeye mwenyewe hajamwona miezi minne, huyo ni mke gani?

Kwa sababu hizo zote nadai yafuatayo. Jumamosi ijayo uje ulitoe hilo sanduku, ushone kiti changu, urudishe mlango ghalani na pamba kwenye mto wangu. Uje na mbuzi wa faini, na asiwe yule wako wa mwaka juzi aliyekuwa na ndevu nyingi kuliko nyama. Usipokuja, nitafanya wanavyofanya wake walioonewa: nitafunga kiondo changu nirudi kwetu Kithimani. Niko na miaka sabini na sita, lakini nyumbani ni nyumbani. Kaka yangu Nzomo bado ana meno mawili na atanipokea. Nawe utakuja kunichukua kwa heshima zote, na wazee, na maneno matamu, mbele ya watu wote wa Yatta. Nitaenda huko kwa pikapu ya baba yako, mara tu nitakapopata mahali pa kukaa.

Mimi ni yule yule uliyekuwa ukimdai mayai. Mikono yangu haijui kalamu lakini inajua mtu asiyekula vizuri, na Bonface wa duka aliyekuona huko mjini ananiambia shati lako limekuwa kubwa. Nisalimie mafundi wenzako wote hapo bandani, na yule mama anayewauzia chai, mwambie aongeze maziwa kwenye yako. Wasalimie wenye magari mnaowatobolea milango. Msalimie na mwenye nyumba wako, ingawa naambiwa ni mkali. Mwambie hata mimi niko. Mama yako anakusalimu, baba yako angekusalimu kama angesikia nimesema nini, na Mzee Kiema anasema atakusalimu baada ya kumwona mbuzi.

Wako wa ndoa ya jina,
Susu Mukai, mke wa Mwangangi mkubwa na wa Mwangangi mdogo.
(Hapa ametia kidole gumba.)

Nyongeza baada ya kidole.

Barua hii imekaa siku nne ikimngoja Kamanthe apate mtu wa kuipeleka, na nimemwita tena aifungue, kwa sababu kuna jambo.

Alhamisi goti lilikataa kabisa, na ilibidi nipelekwe Kathiani nitake nisitake. Emily akashika kamba yake mlangoni, Festus akashika usukani. Mimi wakanibeba kama gunia, na hapakuwa na mahali pengine, wakanikalisha juu ya mke mwenza. Nikasema vizuri, acha nimkalie, ajue mkubwa ni nani.

Tukafika pale kwenye mchanga, baba yako kwa mazoea akawasha kaseti.

Mwangangi, sitaki kukudanganya. Ilianzia kwenye mfupa wa nyuma. Ikapanda kiunoni, pale pale daktari anapopapaka dawa miaka mitatu bila kupapata, ikashuka gotini ikalishika kama mkono wa mtu anayelifahamu. Wewe hujui, lakini kabla sijabatizwa mimi nilikuwa mpigaji wa kilumi, ile ngoma ndefu unayoibana kwa mapaja mpaka hujui ni wewe unayeipiga au ni yenyewe. Kamanthe anaandika hapa akiangalia pembeni. Mwache. Baba yako aliponyoosha mkono kuizima kwa heshima, nilimpiga kwa fimbo. Nilishuka Kathiani mwenyewe. Daktari akauliza goti gani. Nikafikiri kidogo kabla ya kujibu. Kurudi, nilimwambia Festus azungukie barabara ile mbovu ya mbali, na aongeze sauti.

Tulipomkuta Kalunde njiani na mzigo wake tulimpandisha, akakaa nami tumebanana pale juu mpaka kwake. Hakuna anayeweza kusema kitu akiwa juu ya hicho kitu. Tumepatana.

Kwa hiyo lile neno la kulitoa lifute. Yote mengine yabaki kama yalivyo, mpaka mbuzi. Lakini kazi yako haijaisha, fundi. Sanduku ni jembamba kwangu, nusu yangu inabaki hewani kila kona. Litatakiwa kupanuliwa kila upande na kuwekwa sponji juu, na sitaki ukate huko kwa kukisia halafu umpe makanga wa matatu alete. Ukija, njoo wewe mwenyewe na kamba yako ya kupimia, unipime nikiwa nimekaa, wimbo ukipigwa, kwa maana nikitikisika naongezeka.