Shingo Niliyoisugua Siyo Mliyoitaka

Mheshimiwa Mkuu wa Kliniki,

Shikamoo. Mwandiko ukipinda unisamehe: sasa hivi binti yangu ametafuna kifuniko cha kalamu, akanitemea kiganjani, kisha akacheka kama aliyenipa zawadi. Nakuandikia hapahapa kwenye benchi lenu, nikisubiri kuitwa. Malalamiko yangu ni haya.

1. Muuguzi alitutangazia pale dirisha la dawa kwamba sisi tunaoishi na virusi vya UKIMWI tuje kupimwa saratani ya shingo ya kizazi, maana kwetu ina haraka kuliko kwa wengine. Nikaitika. Nilisugua shingo kwa dodoki mpaka ikang'aa, nikavua na mkufu. Kufika, naambiwa, "Mama, vua sketi, panda kitandani." Nikamuuliza, "Kwani dada, shingo yako wewe iko wapi?" Alicheka mpaka akaegemea ukuta. Mheshimiwa, wengine huuita mlango wa kizazi. Basi semeni mlango! Mtu akisikia mlango, anajiandaa kupigiwa hodi.

2. Nikapakwa siki. Siki, Mheshimiwa! Mimi si saladi. Tena nyumbani siki huondoa madoa, kwenu inayaleta: likatokea doa jeupe. Muuguzi akasema, "Hili bado si saratani, mama. Tukiliunguza mapema, halifiki huko." Ndiyo maana nimeitwa leo, liunguzwe, na usingizi niliuacha humo chumbani kwenu tangu siku ile. Naomba doa litibiwe peke yake, mimi nibaki nyumbani.

3. Hili ndilo zito. Mlinipa vidonge, nikaishi. Nikaishi, nikazaa. Mkamkinga mtoto, akatoka salama, hana virusi. Nikampenda. Zamani kufa sikukuogopa. Sasa hata nikikohoa natetemeka. Nani kaniharibu hivi kama si nyinyi?

4. Na doa likiondoka? Nitazeeka! Nitafika harusi ya huyu mla vifuniko, nitavutwa nikacheze, na magoti yatagoma. Wajukuu nao watanitemea viganjani. Je, kliniki imejiandaa kwa magoti hayo? Mmependa boga, pendeni na ua lake. Kama hamko tayari kunitunza mpaka ubibi, basi mniache nirudi nyumbani na doa langu.

Nisalimie wauguzi wote, na mama mfagizi anayenibembelezea mtoto, na daktari mwenye mikono ya baridi. Mwambie aipashe kwanza.

Ni mimi, mtiifu kwa shingo zangu zote mbili,
Mama wa Mla Vifuniko

Nyongeza: Hayo ya juu msiyafanyie kazi hata moja. Hapa ubavuni kwangu yupo wifi yangu. Tunachukua dawa dirisha moja, ila kupimwa amekuwa akikwepa kama paka na maji. Asubuhi kaniuliza, "Shingo tu, wifi?" Nikamjibu, "Shingo tu." Kaisugua, kavaa na skafu mpya. Mwelezeni polepole, msimcheke. Akitaka kukimbia, mwambieni wifi yake ametangulia kitandani, maana mimi doa hili nataka liondoke leo, magoti yaje yaume yanavyotaka, na binti yangu akifikia umri wa ile chanjo ya kukinga saratani hii nimlete kwa mkono wangu, nimweleze mwenyewe hiyo shingo iko wapi, asije akasu— abee dada, nakuja! Wifi, nishikie mto—