Mikanda Sita Myeusi ya Bulla Pesa

Jumatatu, 4 Agosti

Nimechoka, na wiki ndiyo inaanza.

Leo nimekuwa mwalimu wa karate. Mimi Lomorukai! Madam Florence anafundisha watoto wenye shida ya kutulia, na alikuwa anatafuta mtu wa kuwapa mazoezi likizo hii. Anasema si watukutu, ni vile akili zao zinashika kila kitu kwa wakati mmoja. Nikamwambia asitafute mbali, mtu mwenyewe ndiye huyu. Akauliza nina mkanda gani. Nikamjibu kwamba mkanda ni kitambaa tu, karate ni roho. (Nina wa njano. Mwirigi, aliyenifundisha karate, alinipa baada ya wiki tatu ili niache kumsumbua.)

Makubaliano ni haya. Jumamosi atakuja kuangalia. Kwa amri yangu, watoto wasimame wima, kimya, mpaka hesabu ya ishirini. Halafu wapige hatua nane za karate bila kuacha njiani. Wakiweza, darasa ni langu mwaka mzima. Wakishindwa, linaenda kwa Mwirigi. Huyo ana mkanda mweusi wa kweli, na anaongea polepole kama mtu anayesoma matangazo ya kanisa. Simpendi kabisa.

Watoto ni sita. Nikasema simameni. Mmoja akapanda dirisha la ukumbi wa mazoezi. Wawili wakafuata paka. Fahmo, wa miaka minane, akaniuliza maswali kumi na moja na hakungoja jibu hata moja. Abdifatah ana miaka tisa, na muhula uliopita alitolewa nje ya darasa kila mara mpaka akazoea baridi. Yeye alisimama mpaka mbili. Mbili! Kisha akaenda kuona lori lililopita ni la nani.

Sauti imenikauka.

Jumanne, 5 Agosti

Mpango: niwachoshe. Mtoto aliyechoka hutulia.

Nikawaambia tuzunguke uwanja mara kumi. Mara ya nne nilikuwa nimelala kando ya goli. Wao walimaliza kumi na wakaomba tano za nyongeza. Abdifatah akaja kuniuliza kama nimekufa, na kama nimekufa, viatu vyangu vinabaki na nani.

Jioni mama ameniuliza kwa nini natembea kama ngamia aliyebebeshwa jiko. Nikamwambia huu ndio mwendo wa masensei, walimu wa karate. Akasema basi sensei aende akachote maji.

Hesabu ya leo: tatu.

Jumatano, 6 Agosti

Usiku nimepata akili! Mtu hutulia akiona kitu cha kupata. Mimi mwenyewe niko hivyo.

Nimekata shuka nyeupe ya mama vipande sita, nikavichovya kwenye manjano ya jikoni. Nikatangaza: atakayesimama mpaka tano, mkanda wa njano. Na ili waone ukubwa wa jambo, nikawafundisha sheria. Mwenye mkanda wa chini humwinamia wa juu. Wa juu akiamrisha, wa chini anatii bila neno. Wakaniinamia wote. Utamu ulioje! Nikawarudisha nyuma wakainama tena.

Saa sita wote walikuwa wamefika tano. Wote njano. Halafu Fahmo akaangalia mkanda wangu, akasema sasa tuko sawa. Nikamwambia aangalie mbele.

Alhamisi, 7 Agosti

Wamegoma. Hakuna kusimama bila rangi mpya.

Nikaenda na mikanda kwa Halimo, yule anayepaka maharusi hina hapa mtaani Bulla Pesa. Akauliza ni nani anaolewa. Nikamwambia ni mambo ya michezo. Akachovya, ikatoka kahawia nzuri. Watoto wakasimama mpaka kumi, wakavaa, wakadai nyingine papo hapo. Nikarudi kwa Halimo. Akasema baada ya hina iko piko tu, ile nyeusi, lakini hiyo ni ya mikono na miguu. Kwa kitambaa itachuja. Nikamwambia yeye anajua maharusi, mimi najua karate.

Ni safari nne kwenda na kurudi juani. Magoti yanalia.

Ijumaa, 8 Agosti

Asubuhi niligawa mikanda myeusi. Wakasimama mpaka kumi na tano! Abdifatah hakupepesa hata jicho. Nilitaka kulia.

Saa saba walienda msikitini na mikanda juu ya kanzu. Jua lilikuwa kali, wakatoka jasho. Saa nane mama zao wakafika kwangu na kanzu zenye weusi kiunoni. Bisharo, mamake Abdifatah, akauliza hii itafuliwa na nani. Nikamwambia hiyo ni alama ya bingwa. Akaniangalia sana, kisha akauliza kama kuna mtu mkubwa wa kuzungumza naye. Nikamwelekeza kwa Mwirigi.

Mama naye ameuliza shuka iko wapi. Nalala bila kula.

Jumamosi, 9 Agosti

Madam Florence alikuja na faili. Mwirigi alikaa nyuma, ametulia kama kawaida yake. Nilivaa mkanda wangu wa njano, kwa sababu shuka zimefungiwa kabatini.

Nikaamrisha: simameni wima! Hakuna aliyesimama. Abdifatah akaja mbele. Akaangalia mkanda wangu, akaangalia wake. Akasema kwa heshima zote, sensei, wa njano haamrishi mweusi, ulisema mwenyewe. Inama.

Nikainama. Ningefanya nini? Sheria ni yangu.

Akaniamrisha nisimame mpaka ishirini, yeye ahesabu. Wenzake watano wakajipanga nyuma yake wima, macho kwangu, wakingoja nikosee. Kwenye sita pua iliniwasha. Kwenye tisa boda boda ilipiga honi nje, na honi hiyo kama naijua. Fahmo akapaza sauti, amegeuka! Tukaanza upya. Kwenye saba nikakumbuka sijafunga mlango wa nyumbani. Abdifatah alihesabu kila mara mpaka ishirini, bila kuruka namba, bila kuangalia dirisha. Mwisho wakanionyesha zile hatua nane nilizowafundisha wiki nzima, labda nitaelewa nikiona. Hakuna aliyeacha njiani.

Madam Florence alitoa leso. Akamwambia Abdifatah hajawahi kumwona akimaliza kitu hivyo. Nikavimba kifua. Kisha akasema darasa linaenda kwa Mwirigi. Nikamkumbusha makubaliano! Akajibu kwamba yalikuwa niwaamrishe mimi, si niamrishwe. Akamwambia Mwirigi anampa wanafunzi saba.

Nikahesabu watoto. Sita. Nikahesabu tena.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimeenda kwa Mwirigi, lakini nimeenda kumpeleleza tu. Ameiba njia yangu yote, tena bila haya. Amenipanga mwisho wa mstari, na Abdifatah ndiye msimamizi wangu. Miguu inauma, mgongo unauma, na karate ya kusimama ni mbaya kuliko ya kupigana.

Nimefika kumi na moja.

Abdifatah amesema nikifika ishirini atanitafutia mkanda. Nimemwambia wazi mimi ni mtu mzima, sihongwi na kitambaa. Nikasimama tena, mpaka nne.

Kisha nikamuuliza ni wa rangi gani.