Kichwa Changu na Kochi Jeupe

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Na leo tena, nimeamka mimi, nywele zimebaki kwenye mto. Zinahama bila kuaga! Nimeenda kwa daktari aliyenipa vidonge vya huzuni. Kasema kunyonyoka huku huwapata wachache, huenda ni dawa, huenda ni yale mawazo yaliyonipeleka kwake. Nisiache vidonge kienyeji, atanibadilishia taratibu, mara nyingi nywele hurudi. Lini? Nivute subira. Yeye ana nywele mpaka masikioni!

Shangazi kasema bora kipara kinachokula kuliko nywele zinazolia chumbani. Kweli, siku hizi namaliza sahani na kuongeza. Lakini shangazi hajui shida yangu.

Shida ni hii. Karakana yetu ya makochi inapata bango jipya. Jumamosi inapigwa picha, mwanamume na mwanamke wamekaa kwenye kochi kama mtu na mkewe. Mwanamke ni mshonaji wetu, hilo limepita. Mwanamume bado. Mwaka mzima nampelekea mshonaji vitambaa, neno langu refu kwake ni "shika". Kwenye picha mtu haongei. Nafasi yangu hiyo!

Jumanne, tarehe 4

Bosi anataka mwanamume mwenye kichwa cha kuvutia. Wote wakamgeukia Msitu, fundi wa fremu. Ana nywele za kupotelea penseli. Leo kaichomoa moja humo, akaniuliza, mdogo wangu, hiyo kofia unaoga nayo? Watu wakaangua kicheko. Mshonaji hakucheka. Au alikuwa na pini mdomoni.

Jirani kanong'ona kwamba maji ya kitunguu yanaotesha. Nimepaka.

Jumatano, tarehe 5

Kitunguu hakijaotesha kitu. Kimeliza karakana nzima. Bosi kauliza nani kafiwa. Mimi nimelia kuliko wote, nikaonekana nina moyo.

Alhamisi, tarehe 6

Nimepata! Rangi ya viatu, nyeusi. Nikapaka mapengo yote, nikang'arisha kwa brashi, nikaingia kazini bila kofia. Msitu kakodoa macho! Mshonaji kanitazama, kageuka, kanitazama tena.

Ikafika saa ya kupima. Kwetu kochi halitoki mpaka fundi alikalie, aegemeze kichwa, afumbe macho, mpaka bosi aseme inuka. Zamu yangu. Kochi jeupe kama maziwa! Kukataa ni kusema kochi bovu. Nikaegemea. Simu ya bosi ikaita. Kaongea, kacheka, kasalimia mpaka wajukuu wa watu. Jasho likaanza.

Nimeinuka, nimeacha duara jeusi. Bosi kauliza nani kaweka sufuria hapa. Halafu kaiona shingo yangu. Msitu kacheka mpaka penseli ikadondoka. Nimeambiwa nikanawe, na picha niisahau.

Ijumaa, tarehe 7

Duara halitoki. Mshonaji kaniita, mimi! Kasema kaka, acha kusugua, utatoboa. Kakata kitambaa cha maua, kakishona juu yake, pale pa kuegemea. Akashona kingine upande wa pili, ionekane ndio mtindo. Mteja kaja, kapenda, kaacha kochi mpaka viti vyake navyo vishonewe maua. Bosi kaanza kupiga mluzi.

Nikataka kumshukuru mshonaji. Nikafungua mdomo, nikasema, shika. Mkononi sina kitu.

Jumamosi, tarehe 8

Mpiga picha kaja. Kakalishwa Msitu. Mpiga picha kasema nywele za bwana huyu zimefunika kochi na maua yake, kwani bango ni la kinyozi? Msitu kaambiwa anyoe, kasema labda akiwa maiti. Macho ya bosi yakazunguka, yakatua kwangu. Kanivua kofia mwenyewe. Mpiga picha kapiga makofi, kasema hicho ndicho kichwa, kochi lote linaonekana!

Na mshonaji, mbele ya watu, kasema kichwa changu kizuri hivi hivi, nisikipake kitu tena. Kizuri!

Nimejificha nyuma ya sponji, naandika haraka. Nimejitazama kwenye kioo cha simu. Kipara bila ndevu ni yai. Na rangi ya viatu ilikuwa imebaki kidogo. Mshonaji kakataza kichwani, hakukataza kidevuni. Nimepaka. Ndevu za mwenye nyumba kabisa!

Naitwa, lazima niende sasa. Mpiga picha anataka tukae kama mtu na mkewe, nilaze kidevu begani kwa mshonaji. Kavaa nyeupe.