Kengele ya Nyamalulu Inayowika

Nurdin Msafiri,
Mgahawa wa Msafiri, mkabala na Kanisa la Zamani,
Nyamalulu, Sengerema.

Kwa Mwalimu Yeremia Shigela,
Mwenyekiti, Kamati ya Urithi wa Kanisa.

YAH: KUNYAMAZISHWA KWA KENGELE

Mwalimu wangu, shikamoo.

Nakuandikia kwa heshima zote, maana ni wewe uliyenifundisha barua ya kiofisi darasa la nne. Kabla hujauliza, najibu: ndiyo, mimi ni Mwislamu, na sina kiti katika kamati yenu. Lakini kengele ile ilipovushwa ziwa kwa mtumbwi, babu yangu alikuwa mmoja wa wanaume walioibeba kwa miti kutoka ufukweni hadi kilimani, na hakuna aliyemuuliza dini yake wakati jasho linamtoka. Nadai angalau ile sehemu iliyokaa begani kwake.

Tangu kanisa litimize miaka mia na wageni waanze kuja kulipiga picha, mmeamua kwamba kengele ina thamani mno, haifai kugongwa. Kamba mmeifunga juu kwa mnyororo. Mgongaji wenu wa siku zote, Pius Mhoja, mmempigia makofi mkamwambia apumzike. Mahali pake pana kipaza sauti, na sauti ya kengele iliyorekodiwa kwenye simu ya katibu wenu, Hellen. Malalamiko yangu ni haya:

1. Wali unaungua. Miaka yote mgahawa wangu umeipua wali kwa kengele ya saa sita mchana. Sasa saa sita inategemea umeme uwepo na Hellen awepo. Juzi alikwenda msibani Misungwi, na saa sita ikaenda naye. Wateja wamekula ukoko, na wengi wao ni waumini wenu wazuri tu.

2. Jogoo. Siku mnarekodi, jogoo wa katekista aliwika katikati ya kengele, na hakuna aliyejali. Jogoo yule nilimchinja mimi mwenyewe Krismasi, kama mnavyoniita kila sherehe ili sote tule bila wasiwasi. Lakini kila mchana anawika kutoka mnarani, tena kwa nguvu kuliko alipokuwa hai, na majogoo wa kijiji kizima wanamjibu. Watu wameanza kuniuliza kwa upole kama kisu changu kinafanya kazi. Wiki iliyopita kuna harusi walikwenda kutafuta mchinjaji mwingine.

3. Ijumaa mama mkwe wake Hellen alipiga simu katikati ya kengele. Badala ya kengele ya sala ya Malaika wa Bwana tukasikia muziki wa dansi hadi ziwani. Bibi Teodora, ambaye alikuwa ameshaanza ishara ya msalaba, aliimalizia kwa mabega. Sikumcheka, Mwalimu. Nilimwonea huruma, kisha nikacheka.

4. Kama kitu cha thamani hakitakiwi kutumika, basi tuwe wakweli hadi mwisho. Magoti yanachakaza mabenchi. Ubani unatia dari masizi. Napendekeza waumini wabaki majumbani na watume picha zao, zipangwe kwenye mabenchi, wanaume kulia na wanawake kushoto kama zamani. Baba Paroko naye ni mzee, na mwingine kama yeye hapatikani. Awekwe kwenye kabati la kioo, atolewe Pasaka kufutwa vumbi. Mimi kwa upande wangu nitalifungia birika la marehemu mama, na wateja nitawasikilizisha sauti ya chai ikimiminwa.

5. Pius. Alikuwa akishagonga anavuka barabara, anakunywa chai kwangu na kunishinda bao. Sasa meza imekaliwa na mchezo ambao hatukuumaliza, na wateja wawili wanakosa pa kukaa. Hii ni hasara ya biashara tu. Sina la zaidi.

Naomba, basi, mnyororo ufunguliwe na kengele igongwe kwa mkono walau saa sita mchana. Ikipasuka, ipasuke ikiwa kazini. Na kama kamati itakataa, tafadhali irudisheni ufukweni mlikoitoa, ili sisi wajukuu wa wabebaji tuichukue na kuitundika mahali inapohitajika. Mwembe wangu una tawi imara.

Nisalimie Baba Paroko, kamati yote, kwaya, Hellen pamoja na mama mkwe wake. Mke wangu Shamsa anakusalimu, na anasema sambusa zako za Jumamosi zipo palepale.

Mwanafunzi wako mtiifu, ambaye hukuwahi kumchapa kwa sababu ya mwandiko,

Nurdin Msafiri

Baada ya sahihi: Shamsa ameisoma barua hii na anakataa itoke nyumbani bila ukweli. Saa ya ukutani tunayo, iko juu ya jiko. Wali anapika yeye, na haujaungua hata siku moja. Ile harusi walinikosa kwa sababu nilikuwa Nyegezi. Na kengele yenyewe, nikiwa na homa, ilikuwa inanipasua kichwa. Jogoo anavumilika. Ni Pius, Mwalimu. Tangu mfunge ile kamba anashinda kwenye kizingiti cha nyumba yake, na barabara haivuki. Jana nilimpelekea chai kwa mkono wangu, akanirudishia kikombe kimejaa. Alisema ile ni chai ya mtu aliyetoka kazini. Nimemkumbuka mno rafiki yangu. Mrudishieni kamba yake.