Nafasi Moja ya Kiarabu

Jumatatu, 2 Machi 1987

Siku ya tisa tangu nipokelewe rasmi kwenye kikosi maalumu. Miezi ya kupanda milima ya Wales na shanta mgongoni imekwisha. Nilidhani mateso yamekwisha nayo. Kumbe bado.

Sajenti Naivalu ametukusanya baada ya chai. Ni Mfiji, ana miaka ishirini kwenye jeshi la Uingereza, na huongea polepole kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto. Kasema doria yetu ni ya watu wanne na kila mtu lazima awe na fani yake. Yeye mwenyewe ni mtu wa redio ya mawasiliano. Muir ni mtu wa baruti, ndiyo maana sikio lake la kushoto halisikii kitu. Zimebaki fani mbili na wapya wawili, mimi na Trembath. Mmoja ataenda kozi ya Kiarabu. Mwingine ataenda kozi ya utabibu.

Nimefanya uchunguzi wangu. Kiarabu: wiki ishirini, chumba chenye joto, viti vyenye mito, chai saa nne. Utabibu: kitabu kizito kama tofali, halafu miezi hospitalini kwenye chumba cha majeruhi, kushona walevi wanaokutapikia viatuni.

Trembath naye anataka Kiarabu. Trembath ni mtu wa Cornwall anayepiga pasi soksi. Tulipitia majaribio yote pamoja na sijawahi kumwona amechafuka.

Nimemwambia Sajenti kwamba nililelewa Cardiff, mtaa wa bandarini, katikati ya Wayemeni, na Kiarabu nimekinyonya utotoni. Kasema vizuri, mtihani ni Alhamisi.

Ukweli ni kwamba namjua Myemeni mmoja, naye ni kinyozi.

Jumanne, 3 Machi

Nimeomba ruhusa ya kwenda kwa daktari wa meno, nikaenda Cardiff. Qasim, kinyozi wangu, bado ana duka lile lile. Kanikumbuka. Kauliza mama hajambo, halafu kauliza nani alininyoa mara ya mwisho, kwa sauti ya mtu anayetaka kwenda kumshitaki.

Nikamweleza shida yangu. Nataka Kiarabu, nakitaka kabla ya Alhamisi. Kasema yeye hawezi kufundisha mikono ikiwa mitupu. Nikaketi. Akafundisha huku akikata. Kila nikikosea matamshi, anasimama, anafikiri, anakata tena. Salamu tulizimaliza nikiwa bado na nywele. Tulipofika sentensi ndefu nikaanza kusikia baridi masikioni.

Nimerudi na sentensi kumi na moja safi, na kichwa kama yai. Nilipopita nyumbani, mke wangu Delyth kaniuliza ni adhabu ya kosa gani.

Kambini, Trembath alikuwa kitandani kwake na kitabu cha sarufi cha kuazima, anaandika alifu na be kama mtoto wa chuoni. Nilimhurumia.

Alhamisi, 5 Machi

Niandike haraka nimalize.

Mtahini ni Mwalimu Khoury, mtu wa Beirut, suti ya kijivu, mpole sana. Kapteni Ashcombe, mkuu wetu, na Sajenti walikaa nyuma. Mwalimu kasema atajifanya mzee mwenye ngamia, nimekutana naye jangwani, ana wasiwasi na askari. Kazi yangu ni kumtuliza.

Salamu zilikwenda vizuri. Hata Kapteni alitikisa kichwa kwa kuridhika. Halafu mzee wa ngamia akauliza kitu ambacho Qasim hakunifundisha. Nikaona nisikae kimya. Nikamwambia kwa Kiarabu fasaha: keti hapa, mzee. Akaketi. Nikamwambia: usitikise kichwa. Akatulia. Nikaona mambo yananiendea vizuri. Nikamwambia: sasa shingo. Halafu, kumtuliza: haitauma, namalizia na wembe.

Mwalimu Khoury kavua miwani, kamgeukia Kapteni, kauliza kwa Kiingereza kama askari huyu ametumwa kumchinja.

Lafudhi kaisifu, lakini.

Trembath kapata thelathini kati ya hamsini. Kwenye chakula cha mchana kaniletea pai yangu mezani, akaniambia, "Keti hapa, mzee. Haitauma." Muir, ambaye kwa kawaida hasikii chochote, hilo kalisikia.

Ijumaa, 6 Machi

Bado sijashindwa. Sajenti kasema uamuzi ni Ijumaa ijayo. Kama Kiarabu siwezi kukishinda kwa mbele, nitakiingia kwa nyuma. Nikionekana sifai kabisa utabibu, watafanya nini? Fani zilizobaki ni mbili tu.

Leo ilikuwa huduma ya kwanza kwa doria nzima, maana Sajenti hutaka kila mtu ajue kumhudumia mwenzake hata kama fani yake ni nyingine. Asubuhi kufunga mifupa iliyovunjika. Baada ya chai, kutia sindano ya dripu mkononi mwa mwenzako.

Mpango: nikiona damu, nizimie. Nilijizoeza jana chooni, kuanguka upande wa kulia, magoti kwanza.

Muir alipochomwa na damu ikatoka, nikasema kwa sauti dhaifu kwamba naona giza. Nikaanguka. Magoti yalikwenda sawasawa. Kichwa hakikwenda. Kulikuwa na toroli ya chuma ambayo jana chooni haikuwepo.

Nyuzi saba juu ya jicho. Nilishonwa na wanafunzi wa kozi ya utabibu, walioitwa mbio kwa sababu ni nadra kupata jeraha halisi. Walishona kwa zamu. Mmoja alifumua wa mwenzake akaanza upya.

Sajenti alikaa karibu nami mpaka mwisho. Kaniambia polepole kwamba katika maisha yake ameona watu wengi wakizimia, lakini hajawahi kuona aliyezimia akaweka kwanza kikombe chake cha chai mahali salama.

Jumapili, 8 Machi

Nyumbani. Delyth kaangalia kichwa, kaangalia jicho. Kasema akiniona barabarani angevuka upande wa pili. Kauliza kwa nini nisisome tu hicho Kiarabu kwa kitabu kama mwenzangu.

Nilimweleza kwamba yeye si mwanajeshi.

Kasema hapana, yeye ana akili, akaenda kuangalia viazi vyake.

Jumatatu, 9 Machi

Mpango wa tatu ndio wa kwanza ulio na heshima. Nitamsifu Trembath.

Nimemwambia Kapteni Ashcombe, kama kwa bahati tu, kwamba mikono ya Trembath ni ya ajabu. Haitetemeki. Mtu anayepiga pasi soksi anaweza kushona mshipa. Nikaongeza kwamba wagonjwa watampenda kwa usafi wake. Kapteni kasema inashangaza, kwa sababu Trembath alipita ofisini nusu saa kabla yangu, akasema mimi nina moyo wa huruma usio wa kawaida, na kwamba nikiona damu nasikia uchungu mpaka naanguka.

Nyoka yule.

Jioni Sajenti kasema hajawahi kuona wapya wawili wanaopendana hivi. Kwa hiyo Jumatano tutapanda mlima pamoja, mimi na Trembath, siku nzima, sisi wawili tu. Yeye na Muir watapita ukingo wa pili na tutakutana kwenye bwawa saa kumi.

Alhamisi, 12 Machi

Jana sikuandika. Naandika leo kwa mpangilio, kwa sababu Sajenti anataka taarifa na hapa ndipo ninapojizoeza.

Tuliondoka saa moja asubuhi. Mvua iliyochanganyika na theluji, upepo wa usoni. Saa tano na nusu wingu lilishuka likatufunika. Tulikuwa tunateremka kwenye korongo la kijito. Trembath alikuwa mbele. Aliweka mguu kwenye jiwe na jiwe likaondoka naye. Hakupiga kelele. Nilisikia shanta lake likigonga miamba, mara tatu.

Nilimkuta chini, nusu ya mwili majini. Paja la kulia limepinda mahali ambapo paja halipindi.

"Usiniambie limevunjika," kasema. "Nalisikia."

"Sikuambii kitu," nikasema.

Nilimvuta nje ya maji. Hapo alipiga kelele. Paja lilikuwa linavimba ndani ya suruali na nilijua maana yake, kila mtu aliyekaa katika somo la Ijumaa anajua: damu inamwagika ndani, na ndani ya paja kuna nafasi ya damu nyingi. Kama mfupa haukunyooshwa, ataishiwa damu hapo hapo bila tone kuonekana.

Niliita kwa redio. Sajenti alinisikia kwa shida. Kasema helikopta haiwezi kuruka katika wingu lile. Watakuja kwa miguu na machela, na watu wa uokoaji wa bondeni. Itachukua saa tatu, pengine nne. Halafu kasema, "Prosser. Mguu wake uko mikononi mwako." Redio ikakatika.

Nilidondosha sindano mara mbili kabla ya kuifungua. Naandika hili kwa sababu hakuna atakayelisoma.

Nilimchoma mofini, dawa ya kutuliza maumivu. Niliandika M na saa kwenye paji la uso wake kwa kalamu, kama inavyotakiwa. Nilichukua nguzo ndefu ya hema, nikaifunga pembeni ya mguu ikapita unyayo, nikazungushia skafu yangu kwenye kifundo. Halafu nikavuta. Ilinibidi nikae matopeni na kukanyaga mwamba kwa miguu yote miwili. Trembath alinitukana mimi, mama yangu na Wales nzima. Nikavuta mpaka miguu yake miwili ikalingana, nikafunga, nikakaza, nikahisi mapigo kwenye kifundo. Yapo. Nilikagua tena kila dakika kumi. Yapo.

Kisha nikaingia naye kwenye mfuko wa kulalia, maana alikuwa ameanza kuacha kutetemeka kwa baridi, na hiyo ndiyo dalili ya hatari. Alinuka sabuni hata pale.

Aliniomba nisimwache alale. Nikamwambia asimulie jinsi anavyopiga pasi soksi. Kasimulia. Ni kazi ya hatua sita. Alipofika ya nne akanyamaza, nikampiga kofi, akaanza upya.

Karibu saa nane kasema, "Basi Kiarabu ni chako, Prosser."

Nikamwambia aache ujinga, nani anafikiria kozi saa kama hii. Nilikuwa nimeifikiria dakika kumi kabla. Sikumwambia. Lakini pia naandika kwamba kabla ya hapo, kwa zaidi ya saa mbili nzima, sikuifikiria hata kidogo. Nilikuwa naogopa tu asife.

Saa tisa kasoro robo nikasikia mtu anaimba wimbo wa kanisani kwa Kifiji ndani ya wingu. Alikuwa Sajenti, anaimba ili tumjibu. Nikapuliza filimbi.

Daktari wa hospitali kasema aliyefunga mguu ule ameokoa maisha. Kauliza ni tabibu gani. Nikasema si tabibu, ni mtu wa Kiarabu.

Ijumaa, 13 Machi

Uamuzi.

Tulisimama mbele ya Kapteni Ashcombe, mimi na Sajenti. Kapteni kasema Trembath atalala miezi mitatu, mguu umening'inizwa kwa kamba na uzito. Nikatoa uso wa masikitiko. Nilikuwa nimeuandaa.

Kasema kwa kuwa mtu aliyelala hivyo hana kazi nyingine, Mwalimu Khoury amekubali kwenda kumfundisha Kiarabu pale pale kitandani, kila siku asubuhi. Mimi naanza utabibu Jumatatu.

Nilisema ilikuwa bahati tu. Nilisema huwa nazimia, faili linaonyesha.

Sajenti kasema polepole, "Bahati haikagui mapigo kila dakika kumi."

Nje ya mlango aliniwekea mkono begani. Mkono wake ni mzito. Kasema katika doria yake ya zamani, walipokosa tabibu, walirudi watatu. Akaenda zake.

Jumamosi, 14 Machi

Nimekwenda kumwona Trembath. Ana mito minne. Nimeihesabu. Chumba kina joto. Nesi anamletea chai bila kuombwa.

Kasema mama yake anataka kuniandikia barua. Nikasema si lazima. Kasema hata yeye alimwambia mama yake si lazima, lakini mama hasikii. Halafu kageukia dirishani, kasema, "Nakushukuru, Prosser," haraka, kama mtu anayetema mbegu.

Nikainamia sahani yake ya zabibu, nikazila zote ili asione uso wangu.

Delyth, nilipomsimulia, hakunitania. Kaniwekea chakula, akakaa upande wa pili wa meza. Kasema labda sasa nimeona mwenyewe kazi ninayoiweza, niache kuzungukazunguka. Nikasema kweli. Wakati nasema niliamini kabisa.

Jumatatu, 16 Machi

Kozi imeanza. Tuko kumi na wanne. Mkufunzi ni mwanamke mfupi, nesi wa jeshi, jina lake Luteni Grimshaw, sauti kama mlango wa chuma. Katugawia kitabu. Ni tofali kweli.

Kasema wiki mbili za kwanza tutabeba machela yenye mtu mzima kupanda na kushuka vilima, kila siku, hata kukiwa na mvua, ili tujue uzito wa mgonjwa kabla ya kujua dawa zake. Wasio wazima kiafya watabaki darasani kupanga majina ya dawa kwenye makabati na kujaza daftari la mahudhurio. Darasa lina jiko la gesi. Nimeliona.

Nimezungumza na koplo mmoja aliyewahi kuteguka kifundo. Kasema Luteni hakagui sana, anaangalia tu jinsi mtu anavyotembea kutoka lango hadi darasani. Hatua themanini hivi.

Kesho asubuhi nitaanza kuchechemea. Bado sijachagua mguu.