Jinsi Nilivyoshonewa Ukoo

Jumatatu, 4 Machi

Leo nimejiunga na Chama cha Nasaba. Kwa hiari yangu! Dada yangu, ambaye nakaa kwake kwa muda (muda umejivuta kidogo), akaniuliza tangu lini nikawajali wafu. Nikamjibu kwamba damu inaniita. Akasema anayeniita si damu, ni Mama Cherehani. Dada huyu hana adabu.

Kweli Mama Cherehani ndiye mshonaji wa chama. Tunakutana katika ukumbi nyuma ya maktaba. Viti vya plastiki, feni moja inayozunguka ikijisikia. Hawa watu ukoo hawauandiki, wanaushona! Wameunganisha mashuka manne, wakayatundika ukutani, na kila aliyethibitishwa anashonwa jina lake: wanaume uzi wa buluu, wanawake mwekundu, wakubwa juu, wadogo chini. Siku ya maonyesho mtaa mzima utaalikwa, na kila tawi litakaa mstari wake. Mbele kabisa watakaa wana wa Mchimba Kisima, yule aliyechimba kisima cha kwanza hapa kabla mji haujawa mji. Mama Cherehani ni wa damu hiyo. Mjane. Shingo ndefu, pini mdomoni. Nimeamua kumwoa. Bado hajui.

Kikwazo ni kimoja: Fundi Saa. Mgane. Hakosi mkutano. Mama Cherehani akishona, yeye anashika ncha ya shuka. Haongei! Mtu asiyeongea atampa mwanamke nini? Mimi niliwahi kumliza ofisa wa forodha kwa hadithi tu, akanipitisha na mbuzi wangu wote.

Jumanne, 5 Machi

Nimepata upenyo!

Nimelichunguza shuka leo. Mama Cherehani ni kitinda mimba kwao. Kifungua mimba alikuwa kaka yake, aliyeondoka nyumbani kijana mbichi, kabla dada mtu hajazaliwa, na asirudi tena. Jina lake lipo. Chini yake kitambaa kitupu, cheupe, kinang'aa, hatua mbili tu kutoka jina la Mama Cherehani. Nilikitazama kama mtu anavyotazama kiti cha dirishani. Akishonwa mtu pale, basi yeye ni wa tawi lile, na siku ya maonyesho atakaa na Mama Cherehani bega kwa bega.

Sasa, marehemu baba yetu alikuwa mpagazi wa stesheni, mji mwingine kabisa. Alifika pale kijana, peke yake, na habari za kwao hakuwa akizisema. Nani atabisha kwamba hakuwa yeye?

Dada amebisha. Anasema baba alikuwa akizisema habari za kwao kila Jumapili baada ya chakula: ng'ambo ya milima, nyumba ya bati jekundu. Anasema mimi sikusikia kwa sababu nilikuwa naongea. Nimempuuza.

Alhamisi, 7 Machi

Chama kina sharti. Mtu hashonwi mpaka aletwe na mashahidi wawili wasio wa nyumba yake. Dogo hilo! Kinyozi mzee, kabla hajahamia hapa, alikuwa akinyolea watu nje ya stesheni ileile ya baba. Na Kinyozi ana mke. Mashahidi wawili, kibaraza kimoja.

Nimeketi nao mchana. Nikawaeleza jinsi baba alivyokuwa akitua mizigo jua likizama, anageukia upande wa mji huu, anasema kwa sauti ya chini, "Kisima chetu." Mke wa Kinyozi akaanza kufuta machozi kwa taulo la wateja. Kinyozi akasema kwa kuwa nimemkumbusha, hata yeye anakumbuka. Mkewe akamkatiza: yeye ndiye aliyekuwa akiyasikia, Kinyozi muda wote alikuwa na mashine ya kunyolea sikioni mwa mtu.

Shule niliiacha darasa la sita kwa sababu nilikuwa nimewamalizia maarifa yao. Siku kama ya leo inathibitisha.

Jumamosi, 9 Machi

Nimeshinda! Nimeshonwa!

Kamati yote ilikuwepo. Mwenyekiti wetu ni mwalimu mkuu mstaafu, mwanamke mwenye miwani ya kamba na mdomo usiosamehe. Nilieleza safari ya baba kutoka hapa hadi stesheni. Kwa miguu. Mito. Njaa. Chui, ambaye baba alimpiga kwa kifuniko cha sufuria mpaka mnyama akaomba radhi. Mwenyekiti akauliza kama huyo chui ni wa lazima kwa kazi ya kamati. Nikamwambia bila chui baba asingechelewa, na asingechelewa asingekutana na mama. Akaandika kitu daftarini.

Wakaja mashahidi. Kinyozi alikuwa sawasawa. Mkewe alizidi. Alisema alimwona baba kwa macho yake akichora kisima mchangani.

Kisha Mama Cherehani akatoa pini mdomoni, moja moja, akanitazama sana. Akauliza jambo moja tu: huyo baba yangu, aliwahi kumtaja mdogo wake wa kike? Nikasema usiku na mchana! Akasema ajabu, maana kaka yake aliondoka yeye hajazaliwa.

Shingo zote zikanigeukia.

Nikasema alikuwa akimwota.

Mama Cherehani akatabasamu kidogo, akatunga uzi wa buluu, akanishona palepale. Mishono mirefu mirefu, fasta, kabla chai haijapoa. Majina ya wenzangu humchukua jioni nzima. Hamu iliyoje! Fundi Saa alishika ncha ya shuka kama kawaida yake. Nilimwonea huruma.

Jumatatu, 11 Machi

Balaa.

Nilivaa shati la kola. Nikajipulizia marashi ya mume wa dada. Nikaenda kibandani kwa Mama Cherehani, nikakohoa kiume, nikasema nina neno nalo ni zito.

Akasema, "Neno gani, mwanangu?"

Nikadhani ni utani. Nikaanza upya: Mama Cherehani... Akanikata. Akaniuliza mama nani. Mtoto wa kaka yake atamwitaje kwa jina la kazi kama wateja? "Niite shangazi." Wateja watatu waliokuwa wakipimwa wakasema kumbe ndiye mpwa mwenyewe, hongera, ameshakuwa mkubwa!

Nina miaka hamsini na mitatu. Shangazi ana arobaini na minane.

Kisha akanituma. "Hebu mkimbilie shangazi yako mkaa wa pasi." Na miguu ikaenda! Sikuiamuru mimi.

Jioni nikarudi ukumbini nikafuata uzi kwa kidole. Kutoka kwangu kupanda kwa kaka mtu. Kutoka kwa kaka mtu kando, kwa dada mtu. Shangazi. Bila shaka yoyote. Mimi nilipima ukaribu kwa mkono, sikutazama nani yuko juu na nani yuko chini. Hapana mtu duniani anayemchumbia shangazi yake. Nimejifungia mlango na ufunguo nimeumeza.

Jumatano, 13 Machi

Nimezunguka mji kutafuta mtu wa kunikana. Hapatikani.

Nilianza kwa Kinyozi. Nikamwambia ajaribu kukumbuka vizuri, huenda yule hakuwa baba yangu. Akakasirika akaacha kunyoa mteja nusu kichwa. Anasema mtu wa umri wake hali matapishi yake mbele ya kamati. Mkewe akatokea nyuma akasema baba hakuwa mwingine, yeye anakumbuka hadi kovu la yule chui, begani, kulia.

Kovu! Chui nimemtunga mwenyewe, nikiwa bafuni!

Nikamgeukia dada. Nikamwambia anisindikize kwa Mwenyekiti akaseme ile habari ya milima na bati jekundu. Hakuinua hata macho. Alikuwa akikunja sare mpya za shule za watoto wake, za kushonwa, pindo safi. Nikauliza zimetoka wapi. Akasema kwa shangazi yetu, wapi tena. Amesema watoto ni wajukuu zake, haiwezekani waende shule na viraka. Dada akaongeza kwamba atakayemharibia ukoo huu atafute pa kulala.

Siku tisa zilizopita ukoo huu alikuwa akiucheka.

Ijumaa, 15 Machi

Mpango mpya, na huu ni wa kiume. Nilingoja saa ya chakula cha mchana, ukumbi hauna mtu. Mfukoni wembe wa Kinyozi. Jina likifumuka, ukoo umefumuka, mimi ni mwanamume huru.

Nilitarajia kazi ya saa nzima. Nikashika uzi, nikavuta mara moja, jina zima likatoka kama tambi! Wembe sikuutumia. Nina mkono mwepesi, nimeambiwa hivyo tangu utotoni. Nikalisokota jina langu nikalitia mfukoni.

Mtu akakohoa.

Fundi Saa! Juu ya ngazi, pembeni, anatengeneza saa ya ukutani! Ameona kila kitu. Akashuka taratibu, akafuta mikono kwa kitambaa, akanisalimia kwa heshima zote. Nikangoja matusi. Hakuna. Alisema amenitafuta tangu jana. Ametoa neno lake kwa Mama Cherehani, na Mama Cherehani amemwambia nyumba yao sasa ina mwanamume, ampelekee posa mpwa wake.

Mpwa ni mimi! Nimesimama pale, jina langu mfukoni, kitambaa kitupu mgongoni, naombwa mke niliyemtaka mwenyewe!

Lakini akili yangu haijawahi kulala. Nikakunja uso, nikamwambia nyumba ya Mchimba Kisima haiozeshi ovyo. Kesho, mbele ya chama, aje na nasaba yake. Vizazi saba. Yeye hana ndugu hata wa kumwazima ngazi. Amekwisha!

Jumamosi, 16 Machi

Habari ilikuwa imeshavuja. Viti vilijaa, wengine wakakaa madirishani.

Fundi Saa akasimama. Alisema anamjua baba yake, mama yake, na bibi aliyemlea. Nyuma ya hapo hajui, na hatabahatisha. Akaketi. Hotuba yote hiyo!

Nikainuka nimkatae kwa maneno mazito niliyoyaandaa. Mama Cherehani akaomba aseme kwanza. Alisema nyumba yao sasa hivi haina upungufu wa hadithi, Mungu ameijalia. Inachokosa ni mtu wa kusema sijui. Ukumbi ukapiga makofi mpaka Mwenyekiti akavua miwani akaifuta.

Kisha shangazi akanisogelea, akaniambia mimi peke yangu, kwa sauti ya kunong'ona. Alisema siku ile alinipiga bandi tu, ule mshono wa kushikizia nguo kabla ya kuishona. Alitaka kuona nitakaa siku ngapi kabla sijajifumua. Jana ameona pengo. Sasa anauliza: anishone kweli, au asimame aiambie kamati kwa nini pengo lipo? Nichague. Watu wanasubiri.

Nikamtazama Mwenyekiti. Nikamtazama Kinyozi na mkewe, waliovaa vizuri kwa ajili yangu. Dada alikuwa mlangoni na watoto wake na sare zao. Nikamtazama na Fundi Saa, ambaye aliniona na uzi mkononi na hakusema. Bado hakusema.

Nikatangaza kwamba nimeridhia. Kwa sauti kubwa, kama vile wazo lilikuwa langu. Vigelegele. Nimeshonwa tena, safari hii kwa mashine, mistari miwili.

Baadaye nilimuuliza shangazi kama kuna hata kidogo alichoamini katika maneno yangu. Akasema alimwamini chui.

Niliumwa kidogo kifuani, upande wa kushoto. Nadhani ni karanga.

Jumamosi, 23 Machi

Maonyesho! Mtaa mzima ulikuja. Nimekaa mstari wa mbele, nimeshika mkoba wa shangazi, yeye na mumewe mtarajiwa wakipokea wageni. Hakuna aliyebaki hajui kwamba posa ilipita kwangu. Nikaombwa niseme machache kuhusu babu yetu. Nilisema mengi. Mchimba Kisima amechimba visima vitatu, kimoja kwa mikono mitupu akiwa na homa. Mwenyekiti alinionyesha saa. Fundi Saa ameitengeneza, inakwenda barabara.

Katika wageni kuna mkunga mstaafu, amehamia mtaa wa pili juzi tu. Nilipofika kwa chui alicheka mpaka akashika kiti cha mbele. Meno yake yote yapo! Mjane. Anajiunga na chama Jumatatu. Nimemuuliza habari za kwao, kiungwana tu. Kumbe baba yake alikuwa na mdogo wake wa kiume aliyepotea sokoni angali mtoto, hakuonekana tena.

Pengo!

Nimekaa jioni hii nikatafakari kwa kina yaliyonikuta, maana mimi si mtu wa kurudia kosa. Na kosa nimeliona. Lilikuwa moja tu: niliingia chini. Mpwa hutumwa mkaa. Safari hii naingia juu. Nitakuwa yule mdogo mtu aliyepotea sokoni, yaani baba mdogo wa mkunga. Yeye ana miaka sitini, mimi hamsini na mitatu, lakini hayo yanazungumzika. Kesho nakwenda kunyolewa kwa Kinyozi, na mkewe awepo. Na nikishashonwa, yeyote atakayemtaka mkunga itabidi aje kwangu kuomba. Hata mimi nitajiomba.

Na ninavyojijua, nitajikubalia.