Tembea Jumapili

Jumatano, 4 Juni
Binti kaanza kusimama mwenyewe. Kashika stuli, kaachia, kaangaza huku na huku kama mwenye nyumba. Nikamkalisha. Baba yake yuko machimboni, mbali, na nilimwahidi kuwa hatua ya kwanza ataiona kwa macho yake, kwenye simu. Mapumziko yake ni Jumapili. Tatizo: kwetu mtandao haufiki. Ng'ambo ya bonde, kwa Mama Pacha mshonaji, umejaa hadi kuku wanautumia.
Nina mpango!

Alhamisi, 5 Juni
Shemeji, mdogo wa mume wangu, ni fundi redio. Ana antena mbili mfano wa sahani. Moja ikae kwa Mama Pacha, moja kwangu, zitazamane, mtandao uvuke bonde.
Nikaenda kumlainisha Mama Pacha. Nikasifu mshono. Nikasifu cherehani. Nikasifu hata pacha, na mmoja alikuwa ananimwagia maji miguuni. Mama Pacha akakata uzi kwa meno, akasema nimechoka bure, shemeji alishamweleza yote jana na yeye alishakubali. Asubuhi nzima ya ujanja, imekwenda na maji. Sharti lake moja: nisimpigie kelele kuvuka bonde akiwa na wateja.

Ijumaa, 6 Juni
Shemeji kasimika nguzo uani. Fupi tu, maana nyumba yetu iko ukingoni. Akageuza sahani kidogo, kidogo tena. Taa ya kijani!
Mama Pacha akatuma picha ya pacha. Ikafika. Nimelitazama bonde lote: hakuna waya. Hewa tupu. Kunguru kakatiza katikati ya ile picha na wala hakujikwaa. Nimekaa chini kwanza.
Halafu hiyo nguzo! Imara, imenyooka. Tangu niolewe nalilia mahali pa kufunga kamba ya nguo. Nimeifunga hadi kwenye mti, upande wa bondeni, kwenye jua zuri.

Jumamosi, 7 Juni
Nimefua nepi zote na blanketi. Mtandao umekufa. Nimejua mara moja: Mama Pacha kauzima. Sikusifu pacha vya kutosha. Sikumsalimia mchana kutwa.
Jioni nikaanua nguo. Mtandao ukarudi. Dhamiri imemsuta!
Binti anasimama, namkalisha. Anasimama tena. Nimemshika mashavu, nikamwambia, "Tembea Jumapili, mama." Kanivuta pua. Mgongo hauna hali.

Jumapili, 8 Juni
Nimefua shuka mapema, baba mtu aone nyumba safi. Kapiga simu. Uso ukatokea nusu, ukaganda. Sauti ikakatika. Na binti, wima mlangoni, mkono mmoja tu kwenye stuli!
Sharti nikalisahau. Nikasimama ukingoni, nikamwaga yote: roho mbaya, husuda, choyo. Cherehani ikanyamaza. Wateja wakatoka nje. Mama Pacha akapanda ngazi hadi kwenye sahani yake, akatazama kwangu, kisha sauti yake ikavuka bonde, taratibu kabisa:
"Mama Binti, antena yako imevaa shuka. Ivue."
Nikazivuta zote, zikaanguka matopeni. Uso wa mume wangu ukafunguka wote, hadi vumbi la kwenye nyusi. Nikachuchumaa na simu. Binti akaachia stuli. Hatua. Nyingine. Akamfuata baba yake hadi akaigonga simu kwa paji la uso.
Mume wangu kajifunika mdomo kwa mkono, mabega yanatikisika. Ng'ambo, Mama Pacha akapiga kigelegele.
Nililitazama tena lile bonde. Majani, mto, hewa. Machozi ya mtu mzima yamepita hapo, wala hayakuacha alama.

Jumatatu, 9 Juni
Nimemwomba Mama Pacha radhi. Nimemweleza kosa lilikuwa la upepo. Kanitazama sana, kisha kanipa kitambaa cha kumshonea binti.
Mpango mpya! Mama yangu anakaa nyuma ya kilima cha pili. Naye amwone mjukuu akitembea. Shemeji anasema itahitajika nguzo ndefu maradufu. Nimekubali kabla hajamaliza kusema.
Sikumwambia lililonifurahisha zaidi: nguzo ndefu hivyo itabeba kamba mbili. Blanketi zitakaa juu kabisa, usawa wa antena, kwenye jua kali.